Sindano za Ziwani, Vidonge vya Mbinga

Jumamosi, 17 Februari 1973
Nimerudi kutoka ziwani na lori la samaki. Sindano ya jana ilikuwa ya tisa. Tako la kushoto. Dawa yenyewe mafuta mazito, bado panauma. Kila wiki tatu, tangu daktari wa misheni aseme matumbwitumbwi yaliniharibu korodani na mwili hautengenezi tena homoni ya kiume. Nguvu zimerudi. Ndevu pia. Nyumbani nasema nakwenda kukagua mihogo ya ufukweni. Veronika hakuuliza kitu. Mke asiyeuliza ananitia wasiwasi.
Vidonge vya ugonjwa wa sukari: kimoja asubuhi, kimoja jioni. Siku ya kumi na mbili.

Jumanne, 20 Februari
Saa nne, ofisini. Jasho, mikono kutetemeka, moyo mbio. Dakika ishirini. Si homa, nimepima.
Tabibu Komba wa hapa Mbinga ndiye aliyenipa vidonge, baada ya mkojo wangu kugeuka rangi ya tofali kwenye kipimo cha sukari. Habari za sindano hajui. Kadi za wagonjwa zinakaa kwenye kabati lisilo na kufuli, na karani wake anaimba nami kwaya. Kanisa zima lingejua kabla ya misa ya pili.

Alhamisi, 22 Februari
Tena. Saa tano. Asubuhi nilikunywa chai ya nyumbani tu.
Jioni nanyoa, Veronika kasimama mlangoni. "Ndevu za nani hizo, Baba Anna? Mwaka jana hukuwa nazo. Huko ziwani wanauza?" Alicheka. Mimi sikucheka.
Anadhani nina mwanamke. Mke anayedhani hivyo hutafuta dawa. Wiki iliyopita dada yake alimletea kifurushi. Nimekikuta kwenye debe la unga. Majani makavu. Siyajui, na mimi ni bwana shamba.

Jumapili, 25 Februari
Sili tena nyumbani. Nasema tumbo limevimba. Nakula hindi la kuchoma njiani, siku nyingine hata hilo sipati. Jasho sasa mara mbili kwa siku. Sumu iliyokwisha kuingia, labda.
Vidonge sikosi hata kimoja. Hivyo naviamini. Vimetoka kwenye kopo lenye lebo.

Jumatano, 28 Februari
Mpepai, shamba la kijiji cha ujamaa. Siku ya ngoro, kilimo cha mashimo. Wanaume walilaza majani kwa miraba, wanawake wakayafukia kwa udongo, mashimo yakabaki katikati. Nilikuja na kidonge tumboni, basi. Saa sita naona kila mtu wawili wawili. Nataka kusema, ulimi hautaki. Nikaanguka shimoni, miguu juu.
"Bwana Shamba anapima kina!" Wakacheka mpaka majembe yakawaponyoka.
Mama Kapinga, mkubwa wao, hakucheka. Alinikalisha, akaninywesha kata nzima ya togwa. Togwa tamu! Mimi niliyekatazwa hata sukari ya chai. Robo saa baadaye nimesimama, akili imetulia, nikamwamkia shikamoo kama mtu aliyefika sasa hivi.
"Marahaba. Mwanangu, hiyo ni njaa."
Nimerudi nyumbani kusoma kurasa hizi zote. Miaka saba ya chakula cha Veronika: hakuna jasho. Miezi sita ya sindano: hakuna. Vidonge vilipoingia, jasho likaanza. Nilipoacha kula, likazidi. Nawafundisha wakulima wasibadilishe mambo mawili kwa pamoja kwenye shamba la majaribio. Nimemshuku mtu, nikaamini kopo.

Ijumaa, 2 Machi
Ziwani, kabla ya siku yangu ya sindano. Nilimwekea daktari vidonge mezani. Alinifokea. "Sindano yangu inaweza kushusha sukari. Vidonge vinashusha. Na wewe huli! Unataka kufa?" Nusu kidonge, na nisimeze bila kula kwanza. Akaandika barua kwa Komba, kila kitu humo. Ndani ya lori mara mbili nilitaka kuitupa.

Jumamosi, 3 Machi
Komba kaisoma, kaiweka ndani ya kadi yangu, kadi kabatini. Hakuniangalia. Sijui maana yake.
Nimemwambia Veronika kabla kwaya haijamwambia. Matumbwitumbwi, sindano, na kwamba mtoto wa pili hatatoka kwangu. Na kwamba nilimshuku juu ya chakula. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi.
Yale majani alikuwa anachemsha na kunywa mwenyewe, apate mimba. Miaka mitatu mama yangu anamwambia mbele za watu kwamba tumbo lake limefunga. Nilikuwa nasikia. Nilinyamaza.

Jumatatu, 5 Machi
Uji, bakuli mbili. Nusu kidonge. Saa nne hakuna jasho. Saa sita hakuna.
Karani wa Komba kanisalimia sokoni. Nimemtazama usoni muda mrefu. Sikuona kitu.
Veronika anamwandikia mama yangu barua. Amefika ukurasa wa pili. Hakunionyesha, wala sikuomba.