Miganda Tisa ya Nyasi za Kigango

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Felisiani Sangu. Umri: miaka 54. Dini: Mkatoliki. Elimu: darasa la saba. Kazi: mkaguzi wa mizigo, mradi wa kuzuia nyoka kisiwani Nsumbi. Makazi: Izia, Sumbawanga. Tarehe 7/7/2025, saa 4:10 asubuhi.

Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Miaka mitatu iliyopita nyoka aina ya kifutu walivuka ziwa ndani ya mzigo wa kuni wakaingia Nsumbi, ambako hawakuwepo kabisa. Tuliwasaka mwaka mzima mpaka wakaisha. Tangu hapo kuni na nyasi zote lazima zilale siku mbili mwaloni upande huu, boti zinakopakia, kwenye uwanja tuliomwaga majivu. Asubuhi natazama michirizi ya nyoka. Nisipoona mchirizi naandika daftarini, mzigo unavuka.

Mnamo tarehe 5/6/2025, saa 3:30 asubuhi, ililetwa miganda tisa ya nyasi kutoka huku Ufipa juu, za kuezekea kigango, kanisa dogo la Nsumbi. Akina mama waliozikata walikuja wanaimba. Nikasema ziwekwe kwenye majivu.

Katekista Timoth akacheka. "Baba Felisiani, hata mzigo wa Mungu unautilia shaka? Nimezinyunyizia maji ya baraka mimi mwenyewe."

Mama mmoja akadakia, "Mwacheni, labda siku hizi anasali kwa nyoka!" Wakapiga vigelegele. Afande, nakwambia kama dada yangu, niliona aibu mbele ya watu ninaosali nao.

Zenon, mwenye boti, ndiye aliyeniuliza, "Kaka, hizi hazilali?"

Nikamjibu, "Hazilali. Pakia."

Daftarini sikuandika kitu. Ningeandika zimekaguliwa ningekuwa nimesema uongo, na uongo ni dhambi. Nilijiona nimefanya vizuri.

Tarehe 28/6/2025, Jumamosi, saa 1 asubuhi, Luciana, mama anayefagia kigango, aling'atwa na kifutu mguuni akiondoa mabaki ya nyasi mlangoni. Alikata roho kwenye boti kabla ya kufika zahanati. Boti ilikuwa ya Zenon. Kesho yake wenzangu walikuta vichanga kumi na vinne chini ya mabaki hayo. Wangapi wamekwishaingia porini, hakuna anayejua.

Tarehe 30/6/2025 Zenon alikamatwa kwa kuvusha mzigo bila ukaguzi, kwa sababu daftari halina mzigo huo. Timoth alipoulizwa alisema hakumbuki. Msimamizi wangu alinipigia simu: "Mzee, wewe huna sahihi popote. Tulia nyumbani."

Nikatulia. Jana nilikwenda misa, nikapanga mstari, nikapokea komunyo. Kabla ya hapo, wakati wa kutakiana amani, Timoth alikuwa benchi la mbele yangu. Aligeuka akanipa mkono wa amani, nami nikaupokea.

Zenon hana kosa. Alifuata neno langu. Luciana alinipikia ugali wa ulezi kila nilipovuka, hakuwahi kukubali nimlipe.

Ninayoyajua yameishia hapo, nimeyasema kwa hiari yangu na ni ya kweli.

Sahihi: F. Sangu

Mimi WP 5123 Koplo Minza nimeyaandika maelezo haya na kumsomea mtoa maelezo, akayakubali. Nimemweleza kwamba kwa aliyoyasema anaweza kushtakiwa yeye, amesema anaelewa. Ameomba amwone Zenon mahabusu walau dakika moja. Nimekwenda kumuuliza Zenon. Amekataa.