Uwanja wa Mzee Bett

Jumapili, 2 Machi

Nimekama, nimepeleka maziwa, nimerudi, nimeoga maji baridi, nimekwenda kwenye mechi. Tumeshinda mbili bila. Odhiambo amefunga yote mawili na bado akalalamika kwamba krosi zilikuwa mbovu. Mke wangu anasema mtu wa miaka thelathini na sita hana kazi ya kujirusha langoni kwenye matope.

Tunaongoza ligi ya kaunti. Zimebaki mechi tatu. Anayemaliza juu anapanda daraja, wengine wote wanabaki kijijini wakisimuliana.

Jumanne, 4 Machi

Mzee Bett ameniita kwake. Nilijua si kwa sababu ya chai tu. Uwanja wetu ni shamba lake. Ametuachia tangu nikiwa shuleni na hajawahi kudai chochote. Ng'ombe wake wanakula nyasi pale, Jumapili mchana ni yetu.

Leo amenizungusha nyuma ya nyumba. Miche ya chai kwenye vifuko vyeusi, safu kwa safu, chini ya neti. Wanawe wamemchosha kwa maneno. Wanataka shamba lizae.

"Captain, mimi sina ubaya na nyinyi," akasema. "Mkipanda ligi, uwanja ni yenu, hawa vijana watanyamaza. Mkikosa, mvua ikikuja napanda majani."

Alisema kwa upole, ndiyo maana imeniuma. Angenifokea ningejua la kufanya. Chai ikishapandwa haing'olewi. Unakufa unaiacha, wajukuu wako wanaichuma. Na huku kwetu ni milima mitupu, hakuna kipande kingine tambarare hata cha kuchezea gololi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimewaambia wachezaji baada ya mazoezi. Langat, beki wetu, akauliza kama tunaweza kuiba hiyo miche. Wote wakacheka, na mimi nikacheka. Nahodha wa aina gani.

Jumapili, 9 Machi

Sare kule Sotik. Mechi mbaya. Sitaki kuiandika.

Jumatano, 12 Machi

Mawingu yamekaa upande wa Kericho tangu asubuhi. Mke wangu anaimba, mahindi yake yako tayari kwa kupandwa. Majirani wote wanaangalia juu wakishukuru. Nadhani mimi ndiye mtu pekee katika kaunti nzima anayeomba jua.

Jumamosi, 15 Machi

Kesho mechi ya nyumbani. Tulikwenda kuchora mistari tukakuta chokaa imeisha. Mwenye duka la dawa za mifugo amefunga, yuko matangani. Langat akakimbia kwao, akarudi na gunia la chumvi ya ng'ombe, ile nyeupe.

"Nyeupe ni nyeupe," akasema.

Nikashika upande mmoja wa gunia, yeye mwingine, tukachora. Imependeza kweli. Mistari imenyooka, inang'aa kuliko ya chokaa. Mzee Bett alipita na fimbo yake akatusifu. Nimekuja nyumbani na moyo mweupe.

Jumapili, 16 Machi

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Ng'ombe wa Mzee Bett walifunguliwa alfajiri kama kawaida. Wamelamba mstari wa pembeni wote. Wamelamba duara la katikati. Eneo la penalti wamelilamba mpaka wakang'oa nyasi. Tulipofika walikuwa wamelala mbele ya lango langu, wanacheua, wameshiba.

Sisi sote tumelelewa na ng'ombe. Langat anakama kabla ya kunywa chai. Mimi vilevile. Hakuna hata mmoja aliyefikiria. Kama ningekuwa mtu wa Nairobi ningejisamehe.

Refa alizunguka uwanja mara moja, akaja kwangu. "Captain, siwezi chezesha mpira kwa uwanja haina line. Nakupea nusu saa."

Akina mama wakatawanyika kwenda jikoni, wakarudi na jivu kwenye karai na sufuria. Mke wangu alikuwa wa kwanza kufika, huyuhuyu asiyependa mpira, kitambaa kimemtoka kichwani. Tulimwaga kwa mikono, tumeinama, wageni wakitutazama na jezi zao safi. Tulikuwa tumefika kona ya tatu mvua ikashuka. Jivu likawa uji. Refa akaangalia saa, akaangalia juu, akapuliza. Ushindi wa mezani kwa wageni. Mpira haukuguswa.

Langat alilia mbele ya watu. Nilitaka kumpiga. Lakini gunia tulilishika wawili.

Jumatatu, 17 Machi

Mzee Bett alikuja asubuhi. Alisimama kwenye lango la nyumba, akakataa kuingia.

"Ng'ombe ni yangu," akasema. "Pole sana."

Nikamwambia si kitu. Mke wangu baadaye ameniuliza kwa nini sikumwomba atuongezee mwaka mmoja, kwa vile wanyama ndio wake. Nilimwona mzee yule alivyokuwa anaangalia viatu vyake. Ningemwomba angekubali, na wanawe wangemwita mjinga ndani ya nyumba yake mwenyewe. Siwezi.

Mke wangu anasema ni kiburi. Labda.

Jumamosi, 22 Machi

Kesho ndiyo kesho. Sigor wametupita kwa pointi moja na tunacheza nao kwao. Sare haitusaidii. Tushinde au basi.

Odhiambo amenipigia simu. Majani ya chai ni mengi kiwandani anakofanya kazi, msimamizi wake amemnyima ruhusa, ana zamu asubuhi. Bila yeye hatuna mtu wa kufunga, na yeye anajua, na mimi najua, na Sigor wanajua. Nilimwambia ajaribu. Sauti yangu haikuwa nzuri.

Nilipita uwanjani jioni. Wana wa Mzee Bett wamepigilia vijiti na kuvuta kamba kutoka mwanzo hadi mwisho, kupima safu. Hawakuweza hata kungoja siku moja. Nilitaka kuving'oa vyote. Nilisimama pale kama mtu aliyesahau alichokuja kuchukua, nikarudi nyumbani.

Sijala.

Jumapili, 23 Machi

Odhiambo alifika tukiwa tumeshajipanga. Amebadilishana zamu na mtu, hakuniambia na nani. Alivulia ovaroli pale pembeni, ananuka kiwanda kizima. Kabla ya mapumziko akafunga kwa kichwa. Langat alicheza kama mtu anayelipa dhambi, kila mpira ni wake, kila mguu ni wake.

Kipindi cha pili walitukandamiza. Niliokoa mmoja kwa mguu, mwingine sijui kwa kitu gani, ulinigonga tu. Nilianza kuona tumefika. Hilo ndilo kosa, kuona umefika.

Ikapigwa kona. Nikatoka. Mpira ulikuwa wangu, niliuita, mabeki wakanipisha. Ukapita juu ya vidole vyangu. Nyuma yangu kulikuwa na kijana wao peke yake, hakuhitaji hata kuruka.

Odhiambo aligonga mlingoti mwishoni. Nilisikia ule mlio kutoka upande wangu wa uwanja. Sare, moja kwa moja. Sigor wamepanda. Walikuja kutupa mikono, vijana wazuri, sikuweza kuwachukia.

Kurudi, Langat alinisogelea akaweka mkono begani mwangu. Afadhali angenitukana.

Jumanne, 25 Machi

Mvua tangu juzi. Nimekama. Nimelala mchana, jambo ambalo sifanyi.

Jumamosi, 29 Machi

Mzee Bett aliita majirani wamsaidie kupanda. Hapa kwetu mtu akiita, unakwenda. Nilichukua jembe nikaenda mapema ili nisikutane na watu. Nikawakuta wote. Langat, mabeki, wale wa akiba. Hata Odhiambo, ambaye kwao ni ziwani na hana shamba hata la sukuma wiki. Kila mmoja na jembe. Hakuna aliyekuwa ameambiana na mwenzake.

Mwana mkubwa wa Mzee alitugawia safu. Nikaomba ya langoni, upande wa juu. Milingoti bado imesimama.

Jembe lilidunda. Pale mbele ya lango udongo umekandamizwa na miguu ya makipa tangu kabla yangu, na yangu ndiyo ya miaka mingi zaidi.

"Wacha hapo, haitashika," mwana huyo akaniambia.

Nikaenda kutafuta sururu. Nilichimba polepole. Mzee Bett akaja na miche, akapiga magoti kando yangu. Mimi nachana kifuko, yeye anaushika mche wima, mimi narudisha udongo na kuushindilia kwa mikono. Kisha shimo linalofuata. Mke wangu alituletea chai kwenye birika, akatumiminia wote wawili, akaondoka.

Kufikia jioni safu yangu ilikuwa imetoka mlingoti hadi mlingoti. Hapo hapatapita mpira tena.

Kesho ni Jumapili. Baada ya kanisa sina pa kwenda.