Saa Nne ya Nekesa

Jumatatu, 7 Julai

Nekesa ametoka kuniuma sasa hivi. Ana meno mawili tu na ameyatumia. Halafu akaniangalia akacheka, kama mtu amemaliza kazi nzuri. Sikuweza kumgombeza.

Kazini kulikuwa na mambo. Hii ni wiki ya kung'oa maua. Shamba ni la mbegu, kwa hivyo mahindi ya kike tunayang'oa maua kabla hayajafunguka, ya kiume tunayaacha. Mama Chebet wa mstari wetu husema hata kwa mahindi, wa kiume amesimama tu anatuangalia.

Barasa, nyapara wetu, akatukusanya. Ati meneja amesema kuanzia kesho watoto wasionekane shambani. Ati ile saa nne ya kunyonyesha inachelewesha kazi. Ukitoka kwa mstari kabla ya saa saba, unalipwa nusu siku. Hata turubai la watoto kulalia wakatoa. Nimekasirika sana.

Jumanne, 8 Julai

Nimemwacha Nekesa kwa jirani hapa Kibomet. Saa nne maziwa yakaanza kutoka yenyewe. Blauzi ikalowa, na si umande. Kifua kinauma kama jipu. Jirani anasema amekataa chupa, amekataa uji, amelia mpaka sauti ikaisha.

Nikampigia mama yangu, yuko Kabuchai. Akasema nimlete, atamzoesha maziwa ya ng'ombe, mimi niwe nakuja mwisho wa mwezi. Aliongea kwa upole. Kazi siwezi kuacha, kodi ni yangu peke yangu. Nikamwambia hii sheria ya meneja isipoondolewa kufikia Jumapili, namleta.

Sitaki kumpeleka.

Jumatano, 9 Julai

Amekataa chupa tena. Tumeongea na akina mama tukirudi. Kesho.

Alhamisi, 10 Julai

Wenye watoto tulikuja nao mgongoni. Barasa akafunga njia na pikipiki yake. Akasema wanaonyonyesha wasimame kando warudi nyumbani, wengine waingie. Jua lilikuwa limeshatoka. Kila mtu pale anajua, maua ya mahindi ya kike yakifunguka kabla hatujayang'oa, hiyo si mbegu tena, ni mahindi ya kusaga.

Nikaenda kando wa kwanza. Tulikuwa sita. Halafu Mama Chebet, mvi kichwa chote, akaja akasimama karibu yangu.

"Wewe nawe, mama, unaenda wapi?" Barasa akamuuliza.

"Nanyonyesha."

"Nani?"

"Kitinda mimba wangu. Ako jeshi."

Watu walicheka mpaka watoto wakaamka. Basi wakaanza kuvuka mmoja mmoja, hata wasichana ambao hawajazaa. Upande wa kazi akabaki Barasa na pikipiki.

Meneja akaja na gari. Akauliza nani ametutuma. Nilikuwa nanyonyesha, nikamjibu nikiwa nimekaa chini. Nikamwambia hatujagoma. Turudishiwe saa nne yetu na turubai, na siku ilipwe kama siku, tunaingia sasa hivi. Sauti haikutetemeka. Nimejishangaa.

Akaangalia maua muda mrefu.

"Barasa, rudisha turubai," akasema.

Tuliingia karibu tukikimbia.

Ijumaa, 11 Julai

Tumelipwa siku zote nzima, hata jana. Lakini pesa ni zile zile kidogo, na maji ya kunywa bado tunajibebea. Barasa ananiita "madam mwenyekiti" kwa dharau. Hilo jina nimelipenda. Wiki ijayo naanza na maji.

Jumapili, 13 Julai. Kabuchai

Tumekuja kutembea tu. Jioni tunarudi wote wawili.

Mama alikuwa ameshanunua kikombe kidogo chenye mfuniko na blanketi ya rangi ya maziwa. Nilipomwambia narudi naye, akasema, "Sawa, Mama Nekesa," akaenda kuchochea moto ambao haukuwa na shida. Nilidhani atafurahi hapo hapo. Nimeumia kidogo. Nadhani hata yeye.

Baadaye akamfunga Nekesa mgongoni wakaenda kuzunguka miwa, anamwimbia polepole. Hapa kumetulia. Ni kuku tu. Nimemwekea mama kile kikombe kwa kabati, kikae hapa, tutakuwa tunakuja. Nitamwambia hivyo akirudi. Nitamwambia pia kwamba asingekuwa amesema nimlete, pengine nisingekuwa na nguvu ya kwenda kando siku ile.

Mama anaita, ati nikuje haraka nione Nekesa anavyocheka kuku.