Kiti cha Mninga Kati ya Makochi ya Dhahabu

Shikamoo Baba. Mvua ya Guangzhou haikatiki, nguo zinanikaukia mwilini.

Jana Rajabu, Mzanzibari mfanyabiashara mwenzangu anayejua Kichina, alinipeleka kwenye karakana ya makochi ya kifalme, mtindo wa Ufaransa ya kale: miguu ya kupinda, maua kila pembe, dhahabu hadi kwenye misumari. Matajiri wa huku wanayagombania kama wateja wangu wa Kariakoo. Nikampa fundi, mzee wa rika lako, picha ya sebule yetu ili akadirie ukubwa wa kochi. Sebule hata hakuitazama. Aliweka kidole kwenye kile kiti chako cha mninga, kazi ya mikono yako, akafuata nakshi moja moja kwa ukucha.

"Anauliza nani amekichonga," Rajabu akasema.

Baba, nilikuwa nimeshamtambia Rajabu kwamba kwetu sote ni watu wa maduka. Nikajibu, "Sijui. Ni kiti cha zamani tu."

Fundi akaweka patasi chini, akainamisha kichwa.

"Anakupa pole," Rajabu akatafsiri. "Anadhani aliyekichonga ameshafariki. Anasema angependa kumwamkia."

Nikaagiza kochi, nikatoka nje mvuani.

Kiti chako nilichokuambia ukipeleke stoo, tafadhali kiache palepale sebuleni. Msalimie Mama. Na wewe Baba, Mungu akupe umri mrefu, mrefu sana.

Mwanao,
Mwajuma