Kipa wa Rangi ya Karafuu

Shangazi yangu mpenzi, Bi Time,

Assalaam alaykum. Kila Ijumaa huwa nakusomea Yasini, na leo nimekuongezea habari juu yake. Kaa vizuri huko uliko, ujifunge leso kiunoni kama ulivyokuwa ukifanya ukitaka kucheka kwa raha zako, maana tumeshinda. Tumeshinda mimi na wewe, na yule aliyetucheka kuliko wote nimemwita aje kuona kwa macho yake.

Najua ulikuwa hupendi mtu arukie mwisho wa hadithi. Basi naanzia barazani kwetu Mtambile, msimu wa karafuu, mimi mtoto wa miaka kumi uliyekuwa ukinilea tangu kaka yako, baba yangu, alipoachana na mama. Wewe ulikuwa umekaa na ungo mapajani unachambua. Mkono mmoja unatenga karafuu, wa pili unatupa makonyo, vile vijiti vyake, pembeni, na macho yako yako njiani unaangalia nani anapita na kavaa nini. Mimi nimekaa chini nahesabu kadi zangu za wachezaji mpira, zile zilizokuwa zikitoka ndani ya pakiti za bablishi, zile pipi za kutafuna, dukani.

Unakumbuka mchezo wenyewe. Kadi zinalazwa chini, unazipiga kwa kiganja, ikigeuka ni yako. Sheria ilikuwa moja isiyo na rufaa: kadi mbovu hailiwi. Iliyokatwa kombo, iliyochapwa jina mara mbili, ile ambayo jezi imetoka nje ya mwili wa mchezaji, yote hiyo ilitupwa mtaroni. Siku ile ulininyooshea mkono nikupe zangu nawe utazame. Ukazipitisha vidoleni kama unavyopitisha karafuu, haraka haraka, ukazigawa mafungu mawili. Fungu kubwa ukanirudishia. Mkononi ikabaki moja.

"Wano wote sawa," ulisema. "Yuno siye."

Nikatazama, sikuona kitu. Ni yule mchezaji mwenye masharubu mazito ambaye wewe mwenyewe ulimpa jina la Masharubu, kwa sababu majina yao ya kizungu yalitushinda sote wawili. Ukanionyesha kwa kucha. Masharubu siku zote jina lake lilikuwa fupi, linaishia katikati ya kadi. Huyu alikuwa na jina refu mpaka ukingoni. Na jina refu lile lilikuwa la mwenziwe, yule mwenye nywele nyingi tuliyemwita Kichaka.

Shangazi, wewe herufi hizo hukuzisoma. Ulisoma msahafu mwanzo mpaka mwisho, lakini herufi za skuli hukufundishwa. Uliona urefu tu. Mimi niliyekuwa darasa la nne, ninayesoma kwa sauti mpaka majirani wanakereka, nilikuwa na kadi ile wiki nzima na sikuona. Niliona haya, lakini haya yangu hayakukushughulisha, kwa sababu ulikuwa umeshakwenda mbele.

"Kama yuno kachukua jina la mwenziwe," ulisema, "na mwenziwe kachukua la yuno. Wako wawili, mwanangu. Ntafute wa pili."

Ndiyo ikawa kazi yetu. Kila kadi iliyotupwa mtaroni mimi naiokota, wewe unaipitisha vidoleni. Tulijaza kopo la biskuti. Tulikuwa na mchezaji mwenye miguu mitatu kwa sababu kadi imechapwa mara mbili, tulikuwa na refa asiye na uso, tulikuwa na kadi mbili zinazofanana kila kitu isipokuwa mpira mmoja una madoa meusi na mwingine ni mweupe mtupu. Hiyo ya mpira uliigundua ukiwa unazungumza na mgeni. Kopo lilikaa chini ya kitanda, maana ulisema nyumba inayosaliwa haitundikwi picha za watu ukutani, na mimi nilikubali ingawa nilitamani mno kuwatundika. Kichaka mwenye jina fupi tu ndiye hakuonekana.

Sasa nifike kwenye aibu yetu. Najua umeshaanza kucheka.

Nimekwisha kuwa mtu mzima, fundi cherehani mwenye kibanda changu, nikagundua kwenye simu kwamba kuna watu wazima wenzangu, wa Unguja, wa Dar, wa Mombasa, wanaokusanya kadi zenye makosa na kujadiliana kuhusu makosa hayo kama wanavyojadiliana watu wa siasa. Nikajiunga na kundi lao. Siku hiyo hiyo nikafungua kopo nikamwona kipa. Makipa wote duniani wa kadi zile walikuwa na jezi ya manjano. Wetu alikuwa wa kahawia. Nikakuletea, ukamtazama sana, macho yako yakiwa yameshaingia ukungu, ukasema ni kweli, wa peke yake huyu. Nikapiga picha, nikatangaza kwa maneno makubwa ambayo mpaka leo nikiyakumbuka nafunika uso.

Bwana Fadhili wa kundini akaja mwenyewe kutoka Chake Chake. Ni mtu mwenye kadi nyingi kuliko wote hapa Pemba, na maneno mengi kuliko kadi zake. Akamshika kipa wetu kwa ncha za vidole, akamgeuza, kisha akamnusa. Akanusa tena. Akasema huyu hakuharibika kiwandani, kaharibikia kwenu, ananuka karafuu.

Hapo ndipo tulipokumbuka sote wawili kwa pamoja. Mvua ya ghafla ya msimu ule, watu wote mbio uani, tukakunja majamvi na karafuu mbichi na kila kilichokuwa juu yake, kadi zangu zikiwemo. Kipa alilala siku mbili ndani ya jamvi lililokunjwa. Ulicheka, Shangazi, ulicheka mpaka ukashika ukuta, na mimi nilitamani ardhi inimeze. Watu wa kundi wakanibatiza jina, Fundi Karafuu. Nikasema namtupa kipa yule jaani.

"Usimtupe," ulisema, ukijifuta machozi. "Kipa ni kipa."

Ubaya ni kwamba baada ya hapo hakuna aliyeniamini tena. Nilipowaonyesha Masharubu mwenye jina refu walisema mtu kakata jina kwa mkasi akalibandika. Nilipowaambia maneno yako, kwamba lazima yuko wa pili, Bwana Fadhili alijibu mbele ya kundi zima kwamba yeye kakusanya tangu utoto na hajamwona, na siku nitakayomleta atanivulia kofia. Sikuumia kwa ajili yangu. Niliumia kwa sababu walikuwa wanakuita wewe mwongo, na hawakukujua.

Kisha ukaugua. Siku zile za mwisho chumba kimejaa watu, ukafumbua macho ukauliza, "Hajaja?" Wote wakakimbilia kukujibu kwamba mwanao Salim yuko njiani kutoka Maskati, anafika kesho inshallah. Ulitikisa kichwa. Ukanitafuta mimi kwa macho mpaka ukanipata pale mlangoni, ukauliza tena. Mimi peke yangu nilijua unamuulizia nani. Nikakwambia bado, Shangazi. Ukasema atakuja, wako wawili. Salim alikuwahi, alhamdulillahi. Kichaka hakukuwahi.

Nakiri nilikasirika. Nilikasirikia kadi, kitu cha kitoto kama kile, kwa kuchelewa. Nikalisukuma kopo mbali kabisa chini ya kitanda.

Sasa sikiliza. Mwezi uliopita niliitwa Micheweni kumpima bibi harusi. Nimefika, nimekaribishwa, nimeandaliwa chai na mkate wa kumimina, na bibi yake bibi harusi akafungua kabati kunitolea kitambaa. Nikapokea kitambaa huku naangalia mlango wa kabati upande wa ndani. Umebandikwa wachezaji. Kikosi kizima kimepangwa kama kiko uwanjani, mabeki nyuma, washambuliaji mbele. Na mbele kulia amesimama Kichaka, nywele zake zote kichwani, na chini yake jina fupi linaloishia katikati ya kadi.

Kitambaa kilinianguka. Bibi wa watu akadhani sikipendi.

Nikauliza ni za nani. Akaitwa mwenye nyumba, Mzee Khatib, babu yake bibi harusi, mrefu, mikono mipana, anatembea kwa kuburuta goti moja. Akanieleza kwamba alizibandika ujanani kwa gundi ya unga wa ngano, na kaziweka ndani ya kabati kwa sababu ile ile uliyonipa wewe, kwamba nyumba inayosaliwa haitundikwi picha. Ndiyo maana hakuna mkusanyaji aliyemwona Kichaka miaka yote hii, Shangazi. Watu wa Pemba wamemficha kwa ajili ya sala.

Nikamwambia yote, baraza, karafuu, jina refu na jina fupi, na wewe. Alisikiliza mpaka mwisho. Nikamwomba aniuzie, akakataa, akasema kikosi hakiuzwi. Moyo ukanishuka. Nikabaki nautazama mlango ule, na hapo ndipo jicho ulilonipa likafanya kazi. Nikahesabu. Wachezaji walikuwa kumi. Golini palikuwa patupu.

Nikamuuliza kipa yuko wapi. Akacheka, akasema kipa hakuwahi kumpata, alinunua bablishi mpaka meno yakamuuma. Yeye mwenyewe alikuwa kipa wa timu ya kijiji, basi aliwaambia wenzake hapo golini kasimama yeye.

"Nadaka mie miaka yote hino," alisema. "Nshachoka. Na goti ndilo hili."

Nikamwambia nina kipa. Halafu nikakumbuka kuwa mkweli, kwa sababu ungenisuta. Nikasema lakini hana thamani yoyote, kalala kwenye jamvi la karafuu akageuka kahawia, na watu wamemcheka mpaka Mombasa. Mzee Khatib alinitazama kama mtu asiyeelewa tatizo liko wapi.

"Kwani hadaki?" aliuliza.

Nilirudi siku ya kupeleka nguo, nikiwa na kopo zima. Tulikubaliana kama watoto: Kichaka wa kawaida, ambaye ninao watatu, aingie mahali pa Kichaka wetu, na kipa awe nyongeza. Kubandua ndiko kulikonitoa jasho. Gundi ile ilikuwa imekauka miaka na miaka. Nikaomba birika linalochemka, nikashikilia mvuke pale mlangoni, nikapitisha sindano yangu nyembamba chini ya kadi, unywele kwa unywele, huku wanawake wote wa shughuli wamejazana nyuma yangu na bibi harusi mwenyewe kaacha kupakwa hina kaja kuangalia. Pembe moja ya nyuma ilibaki mlangoni. Uso ukatoka mzima. Mwanamke mmoja akapiga kigelegele, wengine wakampokea, na nina hakika nusu yao hawakujua wanashangilia nini. Mimi nilijua. Nililia pale pale mbele ya watu nisiowafahamu, na sikujifuta.

Kisha nikambandika kipa wetu golini. Mzee Khatib akarudi nyuma hatua mbili akamwangalia, wa kahawia katikati ya wenzake, akainama akamnusa. Akasema kikosi kimetimia. Akafunga mlango wa kabati polepole, akaufungua tena kuhakikisha.

Bwana Fadhili nilimwita kibandani kwangu. Niliwaweka wawili juu ya meza ya cherehani, Masharubu na jina la Kichaka, Kichaka na jina la Masharubu. Akatoa kioo chake cha kukuzia, akatafuta mkasi, akatafuta gundi, akatafuta kila alichonituhumu nacho. Akanusa pia, mwenzangu. Alipomaliza alikirudisha kioo mfukoni. Kisha akavua kofia, kofia yake ya viua iliyotariziwa, ya mtoto wa mjini, akaiweka mezani mbele ya kadi, akauliza ni nani aliyejua kwamba wako wawili. Nikamwambia ni shangazi yangu, Bi Time wa Mtambile, mchambua karafuu, na herufi hizo hakuzisoma. Kaandika jina lako kwenye kundi, Shangazi. Wa Unguja, wa Dar na wa Mombasa wamelisoma. Mimi bado wananiita Fundi Karafuu, ila sasa naitika.

Nimeanza kumpa binti yangu ungo. Analalamika kwamba karafuu zote ni sawa. Nimemwambia achambue tu.

Kopo nimelirudisha mahali pake, chini ya kitanda chako, ambacho ndicho ninacholalia. Hao wawili nimewaweka juu kabisa, wakiangaliana. Siku ile mlangoni uliniuliza swali nikakujibu bado, na nimeishi na jibu lile kifuani tangu nikuzike. Leo nalibadilisha.

Kaja, Shangazi.

Mwana wa kaka yako, uliyemkalisha barazani akaona.