Mkono wa Kuamia Ndege

Dar es Salaam, 20 Juni 2023

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kifua kimepoa na kuku wa marehemu mama bado wanataga. Mimi mzima, ila jua limenichoma mpaka nimefanana na wewe.

Tulirudi jana kutoka Kigali kwenye mashindano ya kriketi. Baba, tumeshinda. Niliwatoa wapigaji wanne, na wa mwisho alibaki ameduwaa, anatazama vijiti vyake vimelala chini nyuma yake. Mwandishi mmoja akaniuliza nilisomea wapi kurusha mpira kwa kasi hivyo. Nikamwambia nilifundishwa na baba yangu Kongwa, juu ya ulingo wa shambani, nikiamia ndege kwa mawe wasile uwele. Akacheka, akidhani namtania.

Kuna jambo dogo tu. Mwamuzi mmoja alikuwa akinikazia macho kwenye kiwiko, kisha akaenda kunong'ona na mwenzake. Sijui ni nini.

Nimempa kondakta wa basi la Kongwa fulana yangu ya timu, ile yenye jina letu mgongoni. Ivae.

Binti yako,
Hilda


Kongwa, 9 Julai 2023

Mbukwa, mwanangu Hilda. Marahaba.

Kifua hakijambo. Usinilaumu kwa simu. Mtandao unapatikana kilimani tu, na magoti yangu na kilima hayaelewani. Barua inatosha.

Fulana nimeivaa kanisani. Mchungaji alinikunjia uso, lakini alipoliona jina akaniambia nigeuke, watu wote wasome. Jirani yetu Bartolomayo bado anashikilia kwamba huo mchezo wa kupiga mpira kwa ubao haupo duniani. Nikamwambia awaulize wale ndege kwelea waliowahi kukutana na jiwe lako.

Kiwiko kikiuma, kichue kwa mafuta ya nyonyo. Nitunzie mkono huo.

Baba yako,
Nathanaeli


Kongwa, 4 Machi 2024

Mwanangu Hilda,

Hujambo huko uliko? Krismasi hukuja, na barua hakuna. Jana redio ilisoma majina ya timu ya wanawake inayosafiri. Nilidhani nimesikia vibaya, nikamwomba Paulina wa dukani asikilize tena jioni. Hukutajwa.

Unaumwa? Una mimba? Kama ni mimba, sema, sitagomba. Mtoto ni mtoto. Kinachoniumiza ni huku kunyamaza.

Baba yako


Dar es Salaam, 19 Machi 2024

Baba,

Shikamoo. Siumwi wala sina mimba. Afadhali ingekuwa hivyo.

Katika mchezo huu mpira unarushwa mkono ukiwa umenyooka. Ukikunja kiwiko kisha ukakinyoosha wakati wa kuachia, ni kosa. Yule mwamuzi wa Kigali aliandika ripoti. Wakanipeleka kupimwa, wakanipiga picha nikirusha, wakasema kiwiko changu kinazidi kinachoruhusiwa. Nikasimamishwa. Miezi yote hii nimekuwa nikifungwa kibao mkononi, narusha asubuhi mpaka jioni, najifunza kurusha upya kama mtoto.

Mwezi uliopita wakanipima tena, nikafaulu. Ndiyo, nilifaulu, na hapo ndipo nilipokwisha. Kasi imeondoka, Baba. Mpira wangu sasa unafika umechoka, na wapigaji wanaupokea kwa furaha. Kocha aliponiambia sipo tena timuni, alilia yeye kabla yangu.

Nilikuwa nasubiri nirudishwe ndipo nikuandikie. Sasa sina cha kusubiri. Moyo unaniuma, na sijui kazi nyingine.

Binti yako,
Hilda


Kongwa, 7 Aprili 2024

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma, nikaacha chakula mezani.

Basi ni mimi. Mimi ndiye niliyekukunja kiwiko hicho, nikikwambia vuta nyuma, kunja, achia. Mama yako tulikuwa tumetoka kumzika, na shambani hapakuwa na mtu mwingine wa kuamia. Ulikuwa mdogo hata ngazi ya ulingo nilikupandisha mimi. Ningejua, ningewaachia ndege shamba lote.

Njoo nyumbani. Uwele umetoa masuke, na kwelea wameshafika. Huku hakuna anayepima kiwiko.

Baba yako


Dodoma, 11 Mei 2024

Baba,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuondoka huko nyumbani kabla hujaamka. Niko hapa mjini kwa Erica, yule niliyesoma naye. Naendelea vizuri kwa mwili.

Wewe mwenyewe uliona. Kundi la kwelea liliposhuka shambani ulinipa jiwe, ukasogea pembeni kama zamani, ukasubiri. Nikarusha, likaanguka hapo karibu tu, wala ndege hawakuinuka. Nikarusha jingine, na jingine. Mkono ulikuwa unanyooka wenyewe. Nilipolazimisha kuukunja, nikashindwa kulenga. Ukainama ukajifanya unafunga kamba ya kiatu, Baba, na ulikuwa umevaa ndala.

Mkono ulionipa niliwapelekea, hawakuutaka, na sasa siwezi kuurudisha hata kwako. Usinisubiri kwenye mavuno. Sina uso wa kupanda ulingo ule tena.

Binti yako,
Hilda


Kongwa, 22 Mei 2024

Mbukwa, mwanangu. Marahaba.

Hujambo? Msalimie Erica, mwambie nashukuru kwa kukupokea.

Nikwambie nilichopaswa kukwambia ulipokuwa hapa. Jiwe langu nami halifiki tangu mwaka juzi. Bega limekataa. Ningelirusha mbele yako ungeona, ndiyo maana nilikupa wewe. Aibu yako siku ile ilikuwa na mwenzake.

Upande wa mashariki uwele umekwisha, sikufichi. Upande wa huku nyumbani bado una masuke. Nimeomba makopo matupu kwa Paulina, nimeyafunga kwenye kamba kulizunguka shamba, na ncha ya kamba nimeipandisha ulingoni. Mtu akivuta, yanalia yote na ndege wanaondoka. Bartolomayo anasema nimekuwa mwehu, lakini leo ameniomba nimfungie na shambani kwake.

Kuvuta nimejaribu. Bega langu linachoka haraka. Kamba haitaki kasi, Hilda. Inataka mkono ulionyooka tu.

Nimevaa ile fulana. Nakusubiri.

Baba yako,
Nathanaeli