Mama Katika Sinema ya Bwana Tafrani

Mtoni, Temeke,
Dar es Salaam.
14 Septemba, 1969.

Mpendwa Mjomba Benedikto,

Shikamoo, na tumsifu Yesu Kristo. Mguu wako unaendeleaje? Na mihogo ya shamba la kijiji, imenusurika na nguruwe mwaka huu? Sie huku hatujambo, ila Shangazi Yustina anasumbuliwa na jino, naye hataki kusikia habari ya kung'oa.

Mjomba, nimekuona! Jumamosi ya wiki iliyopita walionyesha sinema za zamani kwenye ukumbi wa hapa Temeke, madirisha yamezibwa kwa mablanketi mchana kweupe. Ilikuwa ile ya Bwana Tafrani na familia yake, ya saba katika zile kumi na mbili. Haina rangi, na sauti inakwaruza, lakini watu walicheka hadi benchi moja likaanguka. Mbuzi alipokukimbiza ukiwa umebeba sufuria la pilau la watu, nilimwambia kila aliyekuwa karibu, "Yule ni mjomba wangu!"

Mbuzi akakufukuza mpaka bombani, wanawake walipokuwa wakichota maji. Hapo Shangazi akanishika mkono. "Apolonia, yule mwenye ndoo, wa mwisho kulia. Ndiye mama yako."

Nikasimama. Alikuwa amekwisha pita.

Wajua alifariki nikiwa na miaka miwili, na picha yake hatuna hata moja. Nimekua nikiulizia sura yake, kila mtu ananipa kipande: huyu pua, yule mwendo. Nikaenda kwenye mashine, nikamwomba mwonyeshaji, Mzee Mwinshehe, arudishe nyuma.

"Binti, mkanda huu mkuukuu, utakatika," akasema. "Na watu wanataka kuona mbele."

Nikaanza kulia. Shangazi ndiye aliyepaza sauti: "Mama yake mzazi yumo humo! Hajui hata sura yake!" Watu wakageuka kunitazama. Kisha bibi mmoja akasema, "Mrudishie mama yake, wewe!" na wote wakadakia.

Akarudisha mara tatu. Mama ni mfupi, Mjomba! Hakuna aliyewahi kuniambia. Anacheka mpaka anatua ndoo chini, anajifuta machozi kwa ncha ya khanga.

Najua wewe ndiye uliyempeleka pale bombani. Najua pia Baba alivyokasirika mkewe kutazamwa na watu, mkagombana, na baada ya msiba ukaenda zako kusini bila kuagana. Miaka kumi na minane umejilaumu kwamba ulimvunjia dada yako heshima. Mjomba, usingempeleka, leo nisingekuwa na mama wa kumwona. Asante. Sina neno kubwa kuliko hilo.

Jana nilimpeleka Baba. Sinema ilipofika pale bombani alivua kofia, akaishika kifuani mpaka mwisho. Tulipofika mlangoni akaniambia, "Mwandikie Benedikto. Mwambie nilikosea. Na aje tumtazame pamoja." Mkanda utakuwapo hapa hadi mwisho wa mwezi.

Nisalimie sana mkeo, Mama Anastasia, na mdogo wangu Leonardi. Shangazi anakusalimu, jino na yote. Mungu akuvushe Rufiji salama.

Ni mimi nikupendaye, mtoto wa dada yako,
Apolonia